Kiganja Juu ya Injini

Kabla ya salamu aliweka kiganja juu ya injini.
Hakuvua helmeti, hakutaja jina.
Aliinama tu pale uani, karibu na banda la kuni,
akaigusa kama mama agusavyo paji la mtoto asiyetaka shule,
kisha akanitazama.
"Umeiwasha kabla sijafika."

Ilikuwa Aprili, Liepaja, theluji ya mwisho imekuwa tope,
na mimi, Ilgvars, mchomelea vyuma wa bandarini,
sikuwa na jibu.
Tangu alfajiri nilikuwa nimeipiga kiki mara kumi na tisa,
nimeibembeleza, nimeitukana, hata ikakohoa na kuitika;
nikaizima, nikanawa mikono, nikasubiri
kama mtu asiye na habari.

Nilijiandaa kwa maswali mengine.
Mnyororo? Mpya, risiti hii hapa.
Oili inavuja? Tone moja kwa wiki,
na hilo nilishamwambia kwenye simu
kwa sauti ya mkweli anayejisikiliza,
maana ukitoa ukweli mdogo mapema
mnunuzi husahau kuulizia mkubwa.
Hesabu hiyo nilifundishwa na aliyeniuzia mimi.

"Tuiache ipoe," akasema.

Tukakaa juu ya makreti.
Vizma, muuguzi wa zamu ya usiku, katoka Kuldiga kwa basi,
yuro mia nane na hamsini ndani ya bahasha ya hospitali.
Alisoma namba ya chesisi dhidi ya kadi, tarakimu kwa tarakimu;
ya saba ilikuwa na matope,
akalowesha kidole gumba kwa mate, akaifuta, ikawa tatu, akaendelea.
Nikasema, ili niseme kitu, kwamba huku kwetu mtu akinunua cha mtumba
hukinunua jinsi kilivyo.
"Kilivyo," akasema, "au ulivyokipanga?"

Kimya. Shakwe juu ya paa.

"Kazini huwa nawapokea wanunuzi.
Huletwa bila viatu. Sijui kwa nini viatu hutangulia kutoka.
Wauzaji sijawahi kuwaona."

Nikainuka, nikaenda kuchukua spana.
Nikavua tanki.
Chini yake, mshono wa weldi, urefu wa kidole:
kazi yangu, nzuri, naijua kwa macho yaliyofumbwa,
na bado ni mfupa uliovunjika.
Nikamwambia mwaka, kona, na mtaro.
Nikamwambia gia ya pili huruka mlimani injini ikichemka.
Nilipoanza sikuweza kuacha, nikamtajia hata kioo cha kushoto,
ambacho hakina tatizo lolote, ila sikipendi.

Ikapoa. Akapiga kiki mwenyewe.
Ya kumi na sita ikaitika.

"Mia sita," akasema. "Na uyaandike yote, kwa mkono wako."
Nikaandika nakala mbili, tarehe, saa, hata dakika,
kwa kuwa baada ya dakika hiyo faini ni zake na barabara ni yake.
Nikaacha nafasi ya namba ya leseni.

Hapo kalamu ikamganda mkononi.

Leseni anayo, akasema. Ya pikipiki ndogo.
Ya kubwa atatahiniwa Juni.
Alidhani nitakuwa na haraka ya kuhesabu pesa.

Nikamtazama vile alivyonitazama.
Nani alimletea mwenzake mbuzi ndani ya gunia?
Naye alikuwa ameiwasha yake kabla ya kufika,
na mimi sikuwa nimeweka kiganja.

Ufunguo nikaurudisha mfukoni. Pesa nikapokea nusu.
Akarudi Kuldiga kwa basi, helmeti mapajani.

Tangu siku ile, kila Jumamosi, naivua turubai.
Siipashi moto kwa siri. Naipiga kiki ikiwa baridi,
nahesabu, namtumia idadi, bila neno lingine.

Wiki jana: kumi na nane.
Leo: kumi na moja, na kulikuwa na mvua.
Amejibu: "Hesabu tena kesho."